Nyumba Isemayo na Gesti Bubu

Mtu unayempikia pilau kwa sababu amekuja kukuamkia, na mtu unayemtazama kwa pembe ya jicho kwa sababu hujui atokako, wote wawili kwa Kiswahili huitwa mgeni. Hatuna neno moja jepesi la kuwatenga. Tukitaka kubainisha kwamba huyu wa pili hatumfahamu, hatuna budi kuongeza maelezo: mgeni tusiyemjua, mtu wa kuja. Shina ni lile lile, -geni, ambalo Wakikuyu wanalo katika mũgeni na Waganda katika omugenyi. Wapo wanaouhesabu umoja huu kuwa ufinyu wa msamiati. Mimi nauhesabu kuwa hazina, na hoja yangu katika makala haya ni kwamba hazina hiyo tunaipoteza mahali pale pale ilipostahili kutumika kila siku, yaani katika nyumba za kulala wageni. Hoja hii sikuipata Zanzibar wala Mombasa. Niliipata katika nyumba ndogo ya wageni, yenye vyumba saba tu, inayoendeshwa na familia moja katika mji wa kale wa Quedlinburg, Ujerumani.

Quedlinburg ni mji mdogo ulio kaskazini ya milima ya Harz, katika jimbo la Saxony-Anhalt. Jina lake limo katika hati ya mwaka 922. Mfalme Heinrich wa Kwanza, aliyefariki mwaka 936, amezikwa juu ya kilima chake, na mjane wake Mathilde ndiye aliyeasisi hapo jumuiya ya mabibi wa kidini ambayo wakuu wake, wanawake kwa wanawake, waliutawala mji kwa karne nyingi, hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1994 UNESCO iliuandikisha katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nilikuwa Leipzig kwa shughuli za Kiswahili, nikajikuta nina siku nne mkononi, nikapanda garimoshi kwenda huko. Naandika haya kwa ajili ya wapenzi wa lugha, kwa hiyo makanisa na makumbusho nitayapita upesi. Nitakaa zaidi ndani ya nyumba niliyofikia.

Ajabu ya kwanza ya nyumba zile ni kwamba msemaji wa Kiswahili anayo msamiati wa kuzieleza tayari. Picha humdanganya mtu akadhani ni majengo ya mawe yaliyopambwa kwa mbao. Sivyo. Ni nyumba za kukandika. Seremala husimamisha nguzo na kulaza boriti, kisha nafasi zilizo baina ya mbao hizo hufumwa kwa fito na kujazwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Tofauti yake na nyumba ya bibi yangu kule shamba ni unene wa mbao, idadi ya ghorofa na umri. Mojawapo ya nyumba hizo, ambayo sasa ni jumba la makumbusho ya ujenzi huo huo, nguzo zake zilisimamishwa katikati ya karne ya 14. Sisi tumezoea kuambiwa kwamba nyumba ya udongo ni nyumba ya muda, ya kusubiri pesa za matofali. Pale nililala ndani ya ukuta wa udongo uliopita karne tatu, na familia iliyoumiliki haikuona haya kuutaja kwa jina lake. Walipoufufua ukuta mmoja uliokuwa umeoza, kwa maana mji huo uliachwa uchakae sana kabla ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990, walichanganya udongo kwa miguu yao wenyewe. Mama mwenye nyumba alinionyesha picha. Alikuwa amezama matopeni hadi kwenye ndama za miguu, akicheka.

Ajabu ya pili ndiyo inayowahusu washairi. Nyumba zile husema. Kwenye boriti ndefu inayotenga ghorofa ya chini na ya juu, upande wa barabarani, mafundi wa zamani walichonga maandishi: jina la bwana aliyejenga, mara nyingi na jina la mkewe pembeni, mwaka, pengine jina la fundi mkuu wa useremala, na aghalabu maneno ya kumwomba Mungu ailinde nyumba na moto na kila aingiaye na atokaye. Baadhi ya maneno hayo ni aya za Biblia, mengine ni beti fupi zenye vina. Mpita njia huisoma nyumba kabla hajabisha hodi. Boriti ya nyumba niliyofikia imepakwa rangi upya, na herufi zake zimetiwa rangi ya dhahabu. Kila asubuhi niliwaona watalii wamesimama chini yake, shingo zimepinda, wakisaidiana kuzisoma herufi za kale. Walikuwa wakisoma ubeti barabarani, bila kitabu na bila mwalimu.

Mswahili hawezi kulitazama jambo hilo kama kitu cha kigeni. Milango yetu ya Unguja na Lamu ina maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa juu ya kizingiti, aya za Kurani, dua, na mara nyingine mwaka. Kanga zetu zina jina, na kanga isiyo na jina huwa imepungukiwa nusu ya uhai wake. Majahazi yetu yana majina, na malori, daladala na bodaboda hubeba misemo ambayo mtafiti angeweza kuitungia kitabu. Sisi ni watu wa kuandika juu ya vitu. Lakini tazama nyumba zetu za wageni za leo, kuanzia stendi ya mabasi hadi ufukweni. Juu ya mlango utakuta kibao cha kampuni ya soda au ya simu, na ndani ya kibao hicho jina la Kiingereza lililochaguliwa kwa sababu lilifanana na jina la gesti ya jirani. Ndugu zangu, ni sekta ipi nyingine ya maisha yetu iliyonyamaza namna hiyo?

Nirudi kwenye mlango ule wa Quedlinburg, maana kibao chake nacho kilinipa somo. Kiliandikwa "Pension". Msomaji wa Kiswahili akiliona neno hilo moyo wake hukimbilia pensheni, yaani posho ya mstaafu, na hakosei sana. Asili ya neno ni Kilatini, na maana yake ni malipo. Wafaransa walilitumia kwa malipo ya kula na kulala katika nyumba ya mtu, kisha Wajerumani wakaliazima kuitia jina nyumba yenyewe. Kwa maneno mengine, jina la nyumba hizo lilianzia kwenye hela. Na hela nayo, kama wasomaji wa ukumbi huu mjuavyo, tuliipata kwa Wajerumani, katika Heller, sarafu ndogo iliyotumika Afrika Mashariki ya Kijerumani tangu mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Wao walituachia neno la pesa na neno shule. Neno la ukarimu hawakutuachia, na hatukulihitaji, kwa kuwa tulikuwa nalo.

Sasa tufike penye kiini. Kijerumani kina maneno mawili mahali tulipo na moja. "Gast" ni mgeni anayekaribishwa. "Fremder" ni mgeni asiyejulikana, mtu wa kwingine. Mwenyeji huitwa "Gastgeber", kwa maana ya juu juu, mtoaji kwa mgeni. Wataalamu wa asili ya maneno hutuambia kwamba "Gast" limetoka shina moja na neno la Kilatini "hostis", ambalo maana yake ni adui. Hapo kale, basi, wao pia walikuwa na neno moja lililombeba mtu yeyote atokaye nje, awe wa kheri au wa shari, na kadiri karne zilivyopita wakaligawa. Vibao vya zamani bado vipo katika miji midogo, vimeandikwa "Fremdenzimmer", vyumba vya watu wa kwingine. Siku hizi wengi wamevibadilisha viwe "Gästezimmer", vyumba vya wageni, kwa kuwa lile la kwanza limeanza kusikika vibaya. Chumba ni kile kile na kitanda ni kile kile. Lakini mtu ukimpangisha katika chumba cha watu wa kwingine, umekwisha kumwambia yeye ni nani.

Jambo hili lina uzito kwa mtu wa rangi yangu. Wazee walisema mgeni ni kuku mweupe, kwa maana haishi kuonekana. Katika mji mwingine wa nchi ile ile, ambao sitautaja, nilipiga simu nikaambiwa chumba kipo. Nilipowasili na mkoba wangu baada ya robo saa nikaambiwa chumba hakipo tena. Aliyenijibu hakuwa na ukali wowote. Alinitazama, akatazama daftari lake, akasema samahani. Kwenye simu nilikuwa "Gast", na mlangoni nikawa "Fremder". Umbali kati ya maneno hayo mawili ulikuwa dakika kumi na tano na ngozi yangu.

Ndipo nawaomba tuutazame mwanzo wa ukaaji wangu Quedlinburg. Sheria ya Ujerumani ilikuwa ikimtaka kila mtu anayelala hotelini au katika nyumba ya wageni ajaze fomu na kutia sahihi kwa mkono wake: jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia, anwani, siku ya kuingia na ya kutoka. Tangu Januari 1, 2025 raia wa Ujerumani wameondolewa wajibu huo. Wageni wa kutoka nchi nyingine wamebakizwa nao, pamoja na namba ya pasipoti. Nia ya serikali ilikuwa kupunguza makaratasi, na sina ugomvi na nia hiyo. Lakini tazama matokeo yake kimaana. Zamani fomu ilikuwa ya wageni wote. Leo, mezani pa mapokezi, karatasi humtenga "Gast" na "Fremder" mbele ya macho ya watu. Wanandoa waliotangulia mbele yangu, waliotoka Hamburg, walipewa ufunguo. Mimi nilipewa kalamu.

Mama mwenye nyumba alilijua hilo. Alinipa karatasi, kisha hakurudi nyuma ya meza yake. Alikwenda jikoni, akaleta birika la kahawa na vikombe viwili, akaketi upande wangu wa meza nami nikiandika. Aliniuliza jina langu la katikati lina maana gani. Nilipofika kwenye namba ya pasipoti akasema, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwamba mwaka juzi sote tungaliandika. Neno lililonigusa ni sote. Hakuishutumu serikali yake wala hakuniomba radhi kwa niaba ya taifa. Alinirudisha tu ndani ya neno ambalo sheria ilikuwa imenitoa. Nilifikiri papo hapo kwamba huyu ni mwenyeji kwa maana yetu. Lifungue neno hilo utaona ndani yake mwenye na mji. Mwenyeji si mwenye kitanda tu. Ni mwenye mji, na anapokupokea ni mji mzima uliokupokea, hata kama halmashauri haina habari.

Siku zilizofuata zilinifundisha kwamba ukarimu wa nyumba ndogo haukai kwenye vitu vikubwa. Chumba changu kilikuwa chini ya paa, dari imeinama, na mara mbili niligonga kichwa kwenye boriti. Kila baada ya saa nne usiku nyumba ilitakiwa iwe kimya, na kanuni hizo zilikuwa zimebandikwa nyuma ya mlango, kama ilivyo desturi yao ya kuandika kila sharti. Lakini asubuhi mezani palikuwa na kijikaratasi chenye jina langu kwa mwandiko wa mkono, yai la kuchemsha limevikwa kofia ya sufi lisipoe, mikate midogo ya moto, jibini, jamu ya squash ya bustanini mwao, na vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe. Nyama hiyo sikuigusa. Kesho yake haikuwapo mezani pangu, na mahali pake palikuwa na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Hakuna aliyeniuliza dini yangu. Bwana wa nyumba, ambaye ndiye anayepika, alikuwa ametazama tu sahani iliyorudi jikoni. Hoteli yenye vyumba mia mbili ingenipa fomu ya kujaza kuhusu vyakula nisivyokula. Nyumba yenye vyumba saba husoma sahani.

Siku ya tatu niliwaambia juu ya methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walicheka sana, kwa sababu wao nao wana msemo kwamba mgeni ni kama samaki, baada ya siku tatu hunuka. Tuliipima misemo hiyo miwili kwenye meza ya chai. Yote inakubaliana juu ya hesabu, na Waislamu nao hufundishwa kwamba haki ya mgeni ni siku tatu. Lakini angalia njia zinapoachana. Wa kwao husema mgeni ameoza, yaani aondoke. Wa kwetu humpa jembe, yaani abaki, ila sasa alime pamoja nasi. Jembe si tusi, wala si mlango wa kutokea. Ni hati ya uraia ya watu wasiokuwa na karatasi. Mwenye kulima nawe hawi mgeni tena. Ningependa washairi wetu waitafakari upya methali hii, kwa sababu nimechoka kuisikia ikitumiwa kama kibwagizo cha uchoyo.

Waliposikia kuwa natunga mashairi walinituma kwa Klopstock. Friedrich Gottlieb Klopstock alizaliwa Quedlinburg mwaka 1724, katika nyumba ambayo bado imesimama chini ya kilima cha ngome na sasa ni makumbusho yake. Ni miongoni mwa waliowazoesha Wajerumani kwamba ushairi mkubwa unaweza kwenda bila vina, na baadaye akatunga hata bila urari wa kudumu. Sisi tuliogombana kwa miaka mingi tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 tungemwelewa upesi, yeye pamoja na maadui zake. Sitaufufua ugomvi huo hapa. Nataja tu kwamba nyumba ya wageni ndiyo iliyonifikisha kwake. Ramani ya watalii nilikuwa nayo mfukoni, lakini ramani haikuniuliza kazi yangu.

Siku ya kuondoka nililetewa kitabu cha wageni. Ni daftari nene, la tatu katika historia ya nyumba ile. Mengine mawili yamehifadhiwa kabatini. Watu wameandika shukrani, wamechora, wamebandika tiketi za garimoshi, na watoto wamelalamikia kengele za kanisa. Niliandika kwa Kiswahili:

Nalifikia mgeni, naondoka kwa salama,
Mwenyeji yu mlangoni, kwa sauti ya huruma,
Nyumba ina neno ndani, boriti zake zasema,
Siku nne ugenini, sikupewa jembe, mama.

Aliniomba niusome kwa sauti, kisha niusome tena. Mara ya pili alikuwa akigonga meza kwa kidole. Hakujua neno hata moja ila "mama", lakini mahali pa kituo alipajua. Nadhani hilo ndilo jambo ambalo wapinzani wa mizani husahau, lakini nimeahidi kutoufufua ugomvi.

Kutoka kwenye daftari hilo mawazo yangu yaliruka moja kwa moja hadi madaftari ya nyumba zetu. Nimelala katika gesti nyingi za Tanzania Bara kwa miaka ishirini ya kusafiri kwa basi, na karibu kila moja ilinikabidhi daftari la wageni. Safu zake mnazijua: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, sahihi. Ni daftari la kuonyeshwa askari. Mgeni haandiki ndani yake hata sentensi moja. Hivyo nisieleweke vibaya, sisemi kwamba Wajerumani ndio watu wa fomu na sisi ndio watu wa ukarimu. Sisi nasi tuna fomu yetu, na ina safu ya kabila. Tofauti ni kwamba nyumba ile ilikuwa na karatasi mbili, moja ya dola na moja ya mgeni. Ya kwetu ina ile ya dola peke yake.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate palikuwa na sabule, chumba cha wageni kilichowekwa karibu na daka la kuingilia, ili mfanyabiashara aliyeletwa na pepo za kaskazi apate pa kukaa akingoja kusi imrudishe kwao. Alikuwa mgeni wa mwenye nyumba kwa miezi, si kwa usiku. Neno hilo tunalo hadi leo katika sebule, lakini limekuwa chumba cha televisheni. Tuna pia kitenzi kizuri kuliko vyote, kufikia. Tunasema nilifikia kwa shangazi, tulifikia kwa fulani. Si kulala wala kupanga. Kufikia ni kukamilisha safari ndani ya mtu. Hakuna mahali safari inapoishia kwa adabu zaidi ya hapo.

Na badala ya urithi wote huo, neno tulilonalo barabarani ni gesti. Limetoka kwenye shina lile lile la "Gast", kwa kupitia Kiingereza, nalo halina kosa kwa kuzaliwa. Kosa ni malezi. Leo mtu akisema alionekana gesti, amekwisha kutuhumiwa. Neno limechafuka kiasi kwamba wenye nyumba za heshima hulikimbia, na mahali pa kukimbilia wamechagua Kiingereza, wakaita "lodge", "inn" na "villa". Na zile zinazofanya kazi bila leseni, magazeti yetu yamezipa jina ambalo mshairi angelionea wivu: gesti bubu. Aliyelibuni alimaanisha hazina kibao. Mimi nalisikia kwa mapana zaidi. Karibu nyumba zetu zote za wageni ni bubu, zenye leseni na zisizo nayo, kwa sababu hazimwambii mgeni neno lolote kwa lugha ya mwenyeji.

Najua nitajibiwa kwamba haya ni mapambo, na kwamba mwenye gesti ya vyumba saba kule Korogwe ana shida ya maji, umeme na kodi kabla ya kufikiria ubeti wa kizingitini. Jibu hilo lina haki yake. Lakini familia ya Quedlinburg nayo haiogelei katika fedha. Binti yao anasoma mbali na hajasema kama atarudi kuirithi nyumba, na Wajerumani wana neno zima la msiba huo, "Gasthaussterben", kufa kwa nyumba za wageni. Wenye hoteli kubwa wanazo bei ambazo familia haiwezi kushindana nazo. Kinachoibakiza nyumba ndogo hai ni kile ambacho kubwa haiwezi kukinunua, yaani jina la mtu, boriti yenye maneno, na jicho linalosoma sahani. Ubeti hauhitaji transfoma. Kuchonga mstari mmoja juu ya mlango ni gharama ya fundi wa siku mbili.

Nina mapendekezo matatu, nami nayaweka mbele yenu myapinge. La kwanza ni jina. Tukiona "nyumba ya wageni" ni refu na gesti limechafuka, kitenzi kufikia kinatupa fikio. Kamusi zinalijua neno hilo kwa maana ya mahali mtu anapofika. Sisi tulipe paa na kitanda. Fikio la Mama Fulani, Mtaa wa Fulani. La pili ni cheo. Anayempokea mgeni asiitwe meneja wala risepsheni. Aitwe mwenyeji, na aandikwe hivyo kwenye kibao chake cha kifuani kama anacho. La tatu linatuhusu sisi wenyewe, watunzi. Tumetunga mashairi ya kusifu viongozi, ya kampeni za chanjo na ya matangazo ya sabuni. Twendeni kwa wenye nyumba za wageni wa miji yetu tuwaombe ubao juu ya mlango na daftari tupu mezani. Ubeti mmoja kwa nyumba moja, wenye jina la waliojenga, mume na mke, na mwaka. Usiwe na sahihi ya mtunzi. Maseremala wengi wa Quedlinburg nao wamesahauliwa, na boriti zao zinasomwa.

Lugha inayomwita mtu asiyejulikana kwa neno lile lile la mtu aliyekaribishwa imekwisha kuamua, kabla ya sheria na kabla ya pasipoti, namna ya kumpokea. Waliotutangulia walituachia uamuzi huo ndani ya silabi tatu. Kazi iliyobaki ni ya kuzichonga mahali zitakaposomeka, juu ya mlango, kwa herufi ambazo msafiri aliyechoka ataziona hata kwa mwanga wa taa ya bodaboda.